Kibao Shingoni, Herufi Mezani: Historia Fupi ya Kiingereza na Mchezo Katika Shule Zetu

Kila tunapokutana sisi wanafunzi wa zamani, mazungumzo hayakosi kugusa mambo matatu: chakula cha bwaloni, ukali wa viranja, na Kiingereza. Chakula tumekwisha kukisamehe. Viranja nao ni marafiki zetu sasa, na baadhi yao wametangulia mbele ya haki. Lakini Kiingereza bado hatujakisamehe sawasawa. Wapo miongoni mwetu watu wazima wenye wajukuu ambao wakiombwa kusimama mbele ya wageni na kusema maneno mawili kwa lugha hiyo, jasho huwatoka. Si kwamba hawakijui. Mitihani yake waliifaulu, barua zake wanaziandika, na magazeti yake wanayasoma kila siku. Wanachokosa ni utulivu wa moyo, ule wa mtu anayesema lugha bila ya kutazama nyuma kama yuko anayemsikiliza ili amnase.

Makala haya yanakusudia kueleza hofu hiyo ilitoka wapi. Hoja yangu ni moja tu, nayo ni hii: Kiingereza kiliingia katika shule zetu nyingi kwa njia ya mchezo mbaya, na dawa yake ni mchezo mzuri, hasa ule ambao wanafunzi wanautengeneza wenyewe kwa kushirikiana. Ndugu msomaji usidhani kwamba hizi ni porojo za kufurahisha watoto. Jambo hili lina historia ndefu kuliko historia ya shule yetu, na linawahusu vijana wanaokalia madawati tuliyoyakalia sisi.

NENO LENYEWE

Tuanze na neno shule. Neno hili tulilipata kwa Wajerumani, waliofungua shule yao ya serikali mjini Tanga mwaka 1892. Wajerumani walikuwa wamelipata katika Kilatini, na Warumi walikuwa wamelipata kwa Wayunani wa kale, ambao kwao maana yake ya kwanza ilikuwa nafasi anayoipata mtu baada ya kazi, yaani wakati wa mapumziko. Warumi hao hao walikuwa na neno jingine, ludus, lililokuwa na maana mbili: mchezo, na shule ya watoto wadogo. Kwa hiyo watu waliotuachia neno shule hawakuona ajabu mtoto kucheza na kujifunza kwa wakati mmoja.

Wala hawakuishia kwenye maneno. Quintilian, mwalimu mashuhuri wa Roma katika karne ya kwanza, alishauri kwamba watoto wapewe herufi zilizochongwa kwa pembe ya ndovu wazichezee, ili wazizoee kabla ya kuzisoma. Katikati ya karne ya 17, Comenius, mwalimu mzaliwa wa Moravia, alipokuwa akifundisha huko Sárospatak, Hungaria, aliwatungia wanafunzi wake michezo ya kuigiza ili wajifunze Kilatini kwa kukisema jukwaani. Tukumbuke kwamba Kilatini kwa watoto wale kilikuwa kama Kiingereza kwa watoto wetu: lugha ya mbali, isiyosemwa nyumbani, lakini ambayo bila yake mlango wa elimu ya juu haukufunguka. Naye mwanafalsafa wa Kiingereza, John Locke, katika kitabu chake juu ya malezi kilichotoka mwaka 1693, alieleza habari za bwana mmoja aliyebandika irabu 6 juu ya pande za dadu moja, na konsonanti 18 juu ya dadu nyingine tatu. Watoto wake walizirusha dadu hizo na kushindana nani ataunda maneno mengi zaidi, na kusoma wakajua bila ya kuchapwa.

Hapa kwetu tusijione kuwa tulikuwa nyuma. Jioni, baada ya chakula, bibi aliposema "Kitendawili!" na watoto wakaitika "Tega!", hapo palikuwa na darasa kamili la lugha. Mtoto alijifunza kufumba na kufumbua, alijifunza kusikiliza, na aliyeshindwa alitoa mji, mchezo ukaendelea bila ya mtu kuadhirika. Watoto wa pwani walikuwa pia na kinyume, mchezo wa kuchukua silabi ya mwisho ya neno na kuitanguliza mbele, mbuzi akawa zimbu na kitabu kikawa bukita. Mchezo huo ni wa zamani. Askofu Edward Steere aliutaja katika kitabu chake cha kufundishia Kiswahili cha mwaka 1870. Hakuna mwalimu aliyewafundisha watoto wale silabi ni nini, lakini walizijua kuliko wanaozikariri ubaoni, kwa sababu walikuwa wakizivunja na kuziunga wenyewe kila siku.

MCHEZO MBAYA

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza Waingereza walishika Tanganyika. Katika shule zao Kiswahili kilitumika katika madarasa ya chini, na Kiingereza katika madarasa ya juu. Maana ya mpango huo ilieleweka upesi na kila mzazi. Kiswahili kilimfikisha mtoto mlangoni, lakini Kiingereza ndicho kilichomwingiza ofisini. Waliofika katika shule kama ile ya Serikali ya Tabora, aliyoingia Mwalimu Nyerere mwaka 1937, walikuwa wachache mno, na kila mmoja alijua kwamba amefika hapo juu ya mabega ya wengi walioachwa nyuma. Lugha iliyochuja watu namna hiyo haikuweza kupendwa kwa urahisi. Iliheshimiwa na iliogopwa.

Kisha kilikuja kibao. Wasomaji wengi wa rika letu hawahitaji kuelezwa. Kwa ajili ya vijana nitaeleza kwa ufupi, nami nitatumia ushahidi wa mtu ambaye dunia nzima inamjua. Marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o, katika kitabu chake cha mwaka 1986 juu ya siasa za lugha katika fasihi ya Afrika, alieleza jinsi ilivyokuwa katika shule za Kenya baada ya serikali ya kikoloni kuzishika shule za Wakikuyu wakati wa hali ya hatari iliyotangazwa mwaka 1952. Asubuhi mwanafunzi mmoja alipewa kifungo. Alitakiwa kumpa yule atakayemkamata akisema lugha ya mama yake. Naye huyo alimpa mwingine, na kadhalika hadi jioni. Aliyekutwa nacho jioni alimtaja aliyempa, na huyo akamtaja aliyempa yeye, mpaka wote walionaswa siku hiyo wakajulikana na kuadhibiwa. Shule nyingine zilitumia kipande cha ubao chenye maandishi ya kudhalilisha, kikining'inizwa shingoni kwa kamba. Jina na umbo vilibadilika kutoka shule hadi shule, lakini kazi ilikuwa ile ile.

Hebu sasa tukitazame kibao hicho kwa makini, maana hapa ndipo penye kiini cha maneno yangu. Kilikuwa mchezo, na mchezo uliokamilika. Kilikuwa na kifaa chake, kama kete ya bao. Kilikuwa na kanuni zilizojulikana na wote. Kilikuwa na wachezaji waliowindana. Kilikuwa na wakati wa kuanza na wakati wa kwisha, na jioni alikuwapo aliyeshindwa. Hata furaha ilikuwamo, furaha mbaya ya kumpenyezea mwenzio kibao na kukimbia.

Lakini kila mchezo humfundisha mchezaji njia ya kushinda. Bao hufundisha kuhesabu, na kandanda hufundisha kumpasia mwenzako. Je, njia ya kushinda mchezo wa kibao ilikuwa ipi? Mtu angedhani ni kusema Kiingereza kizuri. La hasha! Kiingereza kizuri hakikuwa na zawadi yoyote, na anayekijaribu akakikosea alichekwa. Njia ya uhakika ya kushinda ilikuwa kunyamaza. Mtoto aliyefumba mdomo tangu gwaride la asubuhi hadi kengele ya jioni hakupata kibao hata siku moja. Basi tukajifunza kunyamaza, na tukajifunza vizuri sana, na ndiyo maana mpaka leo mtu mzima akiombwa kusema Kiingereza mbele ya wageni, mwili wake unakumbuka kanuni ile ya zamani.

BAADA YA 1967

Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea, na Kiswahili kikafanywa lugha ya kufundishia katika shule zote za msingi za Serikali. Lilikuwa jambo jema na la haki. Mtoto wa mkulima alianza kufundishwa hesabu na sayansi kwa lugha anayoielewa. Lakini sekondari ilibaki na Kiingereza, na hivyo kati ya darasa la saba na kidato cha kwanza pakachimbika korongo. Mtoto aliyesoma kila kitu kwa Kiswahili kwa miaka saba aliamka siku moja akakuta jiografia, historia na baiolojia zote zimegeuka lugha.

Tume ya Rais ya Elimu, iliyoongozwa na Ndugu Jackson Makweta, ilipendekeza mwaka 1982 kwamba sekondari nazo zianze kutumia Kiswahili kuanzia mwaka 1985. Serikali haikulikubali pendekezo hilo. Mwaka 1984 wataalamu wawili kutoka Uingereza, Clive Criper na William Dodd, walipima Kiingereza cha wanafunzi wetu na kutoa taarifa iliyowashtua wengi: sehemu kubwa ya wanafunzi wa sekondari hawakuwa na Kiingereza cha kutosha kufuata masomo waliyokuwa wakifundishwa. Kwa maneno mengine, walikuwa wakinakili wasichokielewa. Matokeo yake yalikuwa mradi wa kuimarisha Kiingereza uliosaidiwa na Uingereza kuanzia mwaka 1987, ambao ulileta mashuleni vitabu vyepesi vya kusoma na mafunzo kwa walimu. Vitabu hivyo viliwafaa waliovipata.

Kama Kiswahili kitumike sekondari ama Kiingereza kiendelee ni mjadala mkubwa, nao haujaisha hata leo. Mimi siuamui hapa. Ninachosema ni kwamba mjadala ukiwa bado unaendelea, mtoto wa kidato cha kwanza hawezi kungoja. Jumatatu asubuhi ataingia darasani, na korongo liko mbele yake. Swali ni tumsaidie vipi kulivuka bila ya kumvisha kibao.

WALIOURUDISHA MCHEZO

Wakati sisi tukiwindana kwa vibao, kwingineko walikuwapo watu waliokuwa wakiirudisha njia ya kale. Mmoja hakuwa mwalimu kabisa. Alfred Butts alikuwa mchoraji wa majengo nchini Marekani, akakosa kazi wakati uchumi wa dunia ulipoanguka miaka ya 1930. Kwa kuwa alikuwa na nafasi, akafikiria mchezo wa kuunda maneno kwa vipande vya herufi. Hakubahatisha idadi ya herufi. Alichukua magazeti akahesabu, herufi moja moja, ili ajue ipi inatokea sana katika Kiingereza na ipi ni adimu. Kutokana na hesabu hiyo mchezo wake, tunaoujua leo kwa jina la Scrabble, una vipande 100. E ni 12, A ni 9, lakini Q ni kimoja tu na Z ni kimoja tu, navyo kila kimoja kina pointi 10. S aliziwekea mpaka zikawa 4, kwa sababu kila mtu angeibandika mwisho wa neno kufanya wingi na mchezo ungekuwa rahisi mno.

Makampuni yalimkatalia. Butts akatengeneza seti zake kwa mkono, akawapa marafiki. Mwaka 1948 James Brunot aliuchukua mchezo huo, akaupa jina lake la sasa, na yeye na mkewe na marafiki wachache wakaanza kuutengeneza katika jengo la shule iliyoachwa, mahali paitwapo Dodgingtown, jimbo la Connecticut. Herufi walizigonga juu ya vibao vya mti kimoja kimoja. Mwaka 1949 walitengeneza seti 2,400 na wakapata hasara ya dola 450. Baadaye mchezo huo ulienea duniani kote. Ukaja mpaka kwetu Afrika, na mwaka 2015 Mnaijeria Wellington Jighere akawa Mwafrika wa kwanza kutwaa ubingwa wa dunia, katika mashindano yaliyofanyika Perth, Australia. Mwaka 2017 mashindano ya dunia yalichezwa Nairobi. Kiingereza si lugha ya mama ya Wanaijeria wengi, sawa na sisi, lakini mchezaji kutoka Uingereza alikaa mbele ya Jighere akashindwa.

Walimu wa lugha nao walianza kuandika. W. R. Lee alitoa kitabu cha michezo ya kufundishia lugha mwaka 1965. Andrew Wright na wenzake wawili walitoa chao mwaka 1979, na Mario Rinvolucri akatoa cha michezo ya sarufi mwaka 1984. Jirani zetu wa Kenya walifanya jambo kubwa zaidi kati ya mwaka 1980 na 1985. Taasisi yao ya elimu, ikisaidiana na wataalamu wa Marekani, ilitunga masomo ya Kiingereza ya redio kwa watoto wa darasa la kwanza hadi la tatu katika shule za vijijini. Kila siku ya masomo, kwa nusu saa, redio iliuliza na watoto wakajibu kwa sauti, wakaimba, wakasimama na kukaa, wakacheza. Redio haikumcheka mtoto aliyekosea, wala haikuwa na fimbo. Waliofundishwa hivyo walipopimwa walionekana kuwazidi wenzao waliofundishwa kwa njia ya kawaida.

Hata hivyo michezo yote hiyo ilikuwa na upungufu mmoja. Ilitungwa na mtu mzima, mahali pengine, ikaletwa kwa mtoto ikiwa tayari. Mtoto alicheza, lakini hakuujenga mchezo. Na hapa ndipo Elimu ya Kujitegemea inapotukumbusha jambo tulilolisahau.

KUTENGENEZA NDIKO KUJIFUNZA

Sisi tulilima shamba la shule. Tulifuga kuku, tulifyatua matofali, na wengine walijifunza useremala. Lakini tukiingia darasani kujitegemea kuliishia mlangoni. Humo ndani kila kitu kilikuja kimekwisha kupikwa: kitabu kutoka Uingereza, mfano wa sentensi kutoka kwa mwalimu, na jibu kutoka nyuma ya kitabu. Hatukuwahi kuambiwa, "Haya, vijana, Kiingereza ni udongo, fyatueni tofali."

Chukua mfano wa herufi za Butts. Shule haina haja ya kununua seti. Wanafunzi sita wapewe gazeti la Kiingereza, rula, mkasi, boksi tupu la katoni na kalamu ya wino mzito. Waambiwe wahesabu herufi 1,000 za gazeti hilo, wagawane mistari, kisha wajumlishe. Watakapomaliza watakuwa wamekodolea macho tahajia ya Kiingereza kwa saa nzima bila ya kulalamika, na watakuwa wamegundua wenyewe kwamba E inatawala na kwamba Q haitembei bila U. Kisha wahesabu herufi 1,000 za gazeti la Kiswahili. Wataona A imeshika kiti cha enzi, na K, ambayo katika mchezo wa Kiingereza ina pointi 5 kwa uadimu wake, imejaa kila mstari. Q na X hawataziona, isipokuwa katika majina ya wageni. Hapo watajua, bila ya mhadhara, kwamba kila lugha ina tabia yake, na kwamba Kiingereza si kigumu kwa sababu wao ni wajinga, bali kwa sababu kimejengwa vingine.

Mfano wa pili ni kadi za vitenzi. Wote tunakumbuka vitenzi visivyofuata kanuni, tulivyovikariri kwa kuyumba kama watoto wa chuoni. Wanafunzi wachague vitenzi 20, kila kitenzi wakiandikie kadi tatu: "go" moja, "went" moja, "gone" moja. Jumla kadi 60. Wachezaji wanne wapewe kadi 7 kila mmoja, na 32 zinazobaki ziwekwe katikati zikiwa zimefunikwa. Kila mmoja kwa zamu amwombe mwenzake kadi anayoihitaji, kwa Kiingereza kamili na kwa adabu. Akiwa nayo atoe. Kama hana, mwombaji aokote moja katikati. Anayekamilisha watatu wa ukoo mmoja huwaweka mezani. Katika mchezo mmoja mtoto atauliza swali kamili la Kiingereza mara nyingi kuliko anavyouliza darasani kwa muhula mzima. Na tazama ilivyo kinyume cha kibao: hapa anayenyamaza hashindi. Kushinda kunadai kusema.

Mfano wa tatu ni njia ya safari, mfano wa nyoka na ngazi. Wanafunzi huchora njia ya vyumba 50 kutoka kijijini hadi shuleni, na kete zao ni vizibo vya soda. Matukio ya safari huyaandika wenyewe kwa Kiingereza: basi limeharibika, rudi vyumba vitatu, umempisha mzee kwenye kiti, songa mbele viwili, umesahau sanduku, rudi nyumbani. Hapo wanaandika Kiingereza juu ya maisha yao wenyewe, si juu ya theluji na treni za London.

Watu huuliza kwa nini wafanye kwa kushirikiana. Kwa nini mwalimu asitengeneze peke yake, kazi ikaisha upesi? Jibu liko katika kanuni. Mchezo hauna budi kuwa na kanuni, na wanaotengeneza pamoja hawana budi kuzijadili, kuziandika na kuzitetea. Je, jina la mtu linakubalika kuwa neno? Aliyekosea tahajia apoteze zamu, ama asahihishwe na aendelee? Watabishana, na mwalimu mwerevu atadai ubishi huo uwe wa Kiingereza. Maneno ya "kama", "isipokuwa" na "lazima", yanayowashinda wengi katika sarufi, yatatumika kwa sababu kuna haja ya kweli. Kisha kundi moja likabidhi mchezo wake kwa kundi jingine, likae kimya litazame kama wenzao wataelewa maelekezo. Wasipoelewa, waandishi warudi wakaandike upya. Hakuna sahihisho la kalamu nyekundu linaloweza kufundisha uandishi ulio wazi kama hilo.

Faida nyingine ni ya wale wanyonge. Katika kundi la watu sita yupo mwenye tahajia nzuri, yupo mwenye mkono wa kuchora, yupo mwepesi wa hesabu, na yupo mchekeshaji. Yule ambaye Kiingereza chake ni cha mwisho darasani anaweza kuwa fundi wa mkasi na rula, naye akapata kiti mezani. Akishakaa mezani ataisikia lugha, na siku moja ataifungulia mdomo. Mchezo wa kibao ulimtafuta mnyonge ili umfukuze mezani.

PINGAMIZI

Najua baadhi ya wazee wenzangu wananuna wanaposoma haya. Watasema: sisi tulipigwa, tulivishwa kibao, na Kiingereza tulikijua, hawa wa siku hizi wanadekezwa. Nawajibu kwa heshima. Waliokijua walikijua kwa kusoma usiku kwa taa ya chemli na kwa walimu waliojitolea. Kibao hakina sifa katika hilo. Tena tunahesabu sisi tuliofika. Hatuwahesabu walioacha shule kwa aibu, ambao hawamo katika orodha ya chama hiki wala hawatasoma gazeti hili.

Wengine watasema mtihani hauulizi michezo, na vipindi havitoshi. Hilo ni kweli, na ndiyo maana sisemi mchezo uchukue nafasi ya kitabu. Mtoto asiyesoma vitabu hatajua lugha hata acheze mwaka mzima. Mchezo kazi yake ni kuondoa hofu na kuzoeza ulimi, ili kitabu kikifunguliwa kikute mtu yupo. Jioni moja kwa juma katika chama cha Kiingereza cha shule inatosha kabisa.

Wapo pia watakaosema kwamba vijana wana simu, na simu zina michezo mingi ya Kiingereza yenye rangi na muziki. Sina ugomvi na simu. Lakini mchezo wa simu umetungwa mbali, mtoto huucheza peke yake akiinamisha kichwa, na kanuni zake hawezi kuzibadili. Mchezo wa katoni ataukosoa, ataurekebisha, na utakuwa wake.

OMBI KWA CHAMA

Tumezoea kwamba siku ya mkutano wetu, baada ya hotuba na chakula, sisi wa zamani tunacheza kandanda na vijana wa shule, nao wanatufunga kwa huruma. Kandanda iendelee. Lakini naomba kamati itenge saa mbili kabla yake, katika bwalo, kwa meza za michezo. Kila meza wakae wazee wawili na vijana wanne. Tusilete seti za dukani. Kila mwanachama alete boksi moja tupu la katoni, rula, na gazeti moja la zamani la Kiingereza. Walioishi katika uchapaji walete mabaki ya karatasi ngumu, na maseremala miongoni mwetu walete vipande vya mti vilivyopigwa randa. Herufi tutazihesabu pamoja na vijana, kanuni tutazibishania pamoja, na seti zitakazopatikana zibaki maktabani na majina ya waliozitengeneza yakiwa nyuma ya kila boksi.

Jambo moja la masharti. Katika meza hizo, atakayekosea Kiingereza, awe kijana ama mzee, asichekwe. Atakayeshindwa neno alitaje kwa Kiswahili, na wenzake wamsaidie kulitafuta. Wanachama wanaokubali wapeleke majina yao kwa katibu kabla ya mwisho wa mwezi, ili ijulikane tunahitaji meza ngapi.